Shamba la viungo, mwani Paje au mafundi wa majahazi Nungwi: una siku moja tu Unguja, uende wapi?

Kila sikukuu ndefu ikikaribia naulizwa swali lilelile na watu wa bara, tunakuja Unguja, Mji Mkongwe tumeshauzunguka, ufukweni tumeshalala, safari hii tunataka kuona watu wanavyotengeneza vitu, twende wapi? Na siku yenyewe ni moja kwa sababu boti ya kurudi Dar imeshakatiwa tiketi. Sehemu za kutembelea zipo nyingi ila zinazotajwa sana na ambazo mtu yeyote anaweza kufika ni tatu, mashamba ya viungo ya Kizimbani na Kidichi, wakulima wa mwani wa Paje na mafundi wa vyombo vya baharini kule Nungwi.

Niseme mapema kabisa tofauti kubwa ninavyoiona mimi. Kwenye viungo kila kitu kimeandaliwa kwa ajili yako wewe mgeni. Mwani uko katikati, kuna kituo cha kupokea watu lakini kazi yenyewe inafuata bahari. Nungwi hakuna aliyekuandalia chochote, fundi yupo kazini na wewe umemkuta. Sasa ukitaka kupokelewa vizuri utaona kazi kidogo, na ukitaka kuiona kazi yenyewe ikifanyika basi uifuate kwa saa zake na uvumilie usumbufu wake. Watu wengi wanachagua kwa picha walizoziona instagramu halafu wanarudi wanalalamika, wakati tatizo ni kwamba walienda kwenye onyesho wakitegemea kazi au walienda kwenye kazi wakitegemea onyesho.

Tuanze na viungo kwa sababu ndiko wengi wanakokwenda. Mashamba yapo mengi, Kizimbani, Kidichi, Dole na vijiji vya jirani, kutoka mjini ni kama nusu saa kwa gari. Yako wazi kila siku, huhitaji kuangalia kalenda wala mwezi, unafika, mwongozaji anakuchukua, mnazunguka saa moja na nusu au mbili, mnakula matunda, mnakaribishwa kununua, basi. Wengine wanaunganisha na chakula cha mchana, wali wa viungo na mchuzi wa nazi, na kwa kweli hicho chakula mara nyingi ndicho watu wanachokikumbuka.

Ila ujue unachokiona ni bustani ya kuonyeshea, wamepanda mche mmojammoja wa kila kitu karibukaribu ili usitembee sana, mkulima anayeishi kwa iliki huwezi kumkuta hapo. Hilo halinisumbui sana mimi, kwa sababu vitu unavyojifunza ni vya kweli. Mwongozaji anachimba pembeni ya mdalasini kwa kisu, anakata kipande cha mzizi anakwambia nusa, unakuta unanuka ile dawa ya mafua ya kupaka kifuani, wakati gamba la mti huohuo ndilo tunalotia kwenye chai. Anapasua tunda la kungumanga, ndani mbegu imevikwa wavu mwekundu unaong'aa, huo wavu ndio basibasi na mbegu ndiyo kungumanga yenyewe, viungo viwili tunda moja (jiandae na utani wa kungumanga kutiwa kwenye uji, hautakosa kuusikia). Pilipili manga nyeusi na nyeupe zinatoka mmea mmoja, nyeusi imechumwa mbichi ikakaushwa, nyeupe imeachwa iive ikavuliwa ganda. Vanila nayo ua lake linachanua siku moja tu na huku kwetu hamna mdudu wa kulichavusha, kwa hiyo mtu anapita ua kwa ua na kijiti, ukishajua hivyo hushangai tena bei ya vanila.

Kitu kimoja usichokiona ni karafuu kwa maana ya kazi ya karafuu. Mkarafuu utaonyeshwa, utaambiwa ulivyoletwa mwanzoni mwa karne ya 19 kupitia visiwa vya Bahari ya Hindi na jinsi Sultani Sayyid Said alivyowalazimisha watu kuupanda, lakini karafuu nyingi ziko Pemba, hasa baada ya kile kimbunga cha 1872 kilichoangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba. Ukitaka kuona mikeka imejaa karafuu barabarani zinaanikwa, na jioni familia nzima imekaa inachambua karafuu kwenye makonyo, vile vijiti vyake, huku mikono imeshika harufu ambayo sabuni haiitoi, nenda Pemba wakati wa msimu, kuanzia kama Julai kuendelea mpaka mwisho wa mwaka. Huko kuna hata kiwanda cha serikali karibu na Chake Chake kinachokamua mafuta kwenye makonyo. Ila hiyo sio safari ya siku moja, tuiache.

Mwisho wa ziara ya viungo kuna ile sehemu ya kuvalishwa kofia na tai ya majani ya mnazi, na mkwezi anapanda mnazi huku anaimba. Watoto wanaipenda balaa. Mimi huwa nasimama pembeni, lakini mkwezi bakshishi yake mpe, maana ujira wake wa siku ni huo.

Kwenye kununua, zafarani usinunue. Zafarani ya kweli hailimwi Zanzibar, na kile kipaketi cha bei nafuu ni petali za ua jingine linalotoa rangi tu. Vanila ibinye kwanza, ikiwa inapinda na ina mafuta chukua, ikiwa kavu inakatika iache. Mdalasini chukua vijiti, usichukue unga, unga hujui umesagwa lini na umesagwa na nini. Na vingine vyote soko la Darajani lipo, bei ya kule iko chini ukijua kupatana. Ila nunua kidogo shambani pia jamani, wamekutembeza.

Sasa Paje. Hapa ndipo nitakapokaa kidogo maana ndipo watu wanapopakosea zaidi.

Kilimo cha mwani kwa biashara kilianza upande huo wa mashariki, Paje na Jambiani, mwaka 1989, mbegu zikiwa zimetoka Ufilipino. Aina ni mbili, spinosamu na kotonii. Kotonii ndiyo yenye bei nzuri lakini ni dhaifu, maji yakipata joto inapauka, inalainika, inakatika, na miaka ya karibuni bahari imekuwa ikipata joto kwa hiyo kina mama wengi wamebaki na spinosamu ambayo inastahimili lakini bei yake ni ya kusikitisha. Mwani mkavu unasafirishwa nje, huko unatolewa kile kitu kizito cha kugandishia, kinachoitwa karajenani, kinaingia kwenye dawa ya meno, aiskrimu, vipodozi. Yaani unapiga mswaki asubuhi na hujui kuna mama wa Paje alisimama kwenye maji ya magoti kwa ajili yako.

Kazi yenyewe iko hivi. Mama anapiga vigingi mchangani, anafunga kamba kati ya kigingi na kigingi, na kwenye kamba kuna vikamba vidogo vidogo, taitai, kila kimoja kinashika kichane cha mbegu. Kama wiki sita hivi mwani umeshajaa, unavunwa, sehemu inabaki kuwa mbegu ya duru inayofuata, iliyobaki inaanikwa. Ukiwatazama wakifunga unaona rahisi, kidole kinazungusha, kinavuta, tayari, anaongea na mwenzake wala haangalii mkono. Jaribu wewe. Fundo likiwa legevu wimbi linaondoka na mbegu, likiwa limekaza sana linaukata mwani, na huku mgongo umeinama jua liko utosini na maji ya chumvi yanakuwasha kila palipo na mkwaruzo. Baada ya kamba moja heshima inapanda yenyewe bila mtu kukuhutubia.

Hapohapo Paje kuna kituo cha Mwani Zanzibar, zamani kikijulikana kama Seaweed Center, unaweza kwenda na kina mama mpaka kwenye vigingi halafu ukarudi kuona sabuni na mafuta ya kupaka yanavyotengenezwa kwa mwani, mafuta ya nazi na viungo. Hii sehemu ya sabuni ina maana kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu mwani mkavu bei anaamua mnunuzi, lakini ukishakuwa sabuni bei unaamua mwenyewe. Mtaalamu wa mwani Zanzibar, Dr. Flower Msuya, amekuwa akilisukuma jambo hili tangu miaka ya 2000, kuongeza thamani, na pia kuupeleka mwani kwenye maji ya kina kirefu ambako hakuna joto sana, tatizo ni kwamba huko kunahitaji chombo na kujua kuogelea na kina mama wengi wa vijijini hawakufundishwa kuogelea. Kwa hiyo ukiwa na elfu ishirini ya zawadi ya kupeleka nyumbani, ukinunua sabuni hapa hiyo hela inafika kwa aliyeilowea maji.

Sasa kosa lenyewe. Watu wanaenda Paje siku yoyote saa yoyote. Mwani unafanyiwa kazi maji yakipwa, na sio kila kupwa, ni kupwa kwa bamvua, zile siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu na siku mbili tatu zinazofuata, maji yanatoka mbali mpaka unaona mchanga mweupe unaenda kilomita na vigingi vimebaki wazi. Na Unguja siku za bamvua maji yanakupwa kabisa kama saa nne saa tano asubuhi, muda mzuri sana kwa mgeni. Siku za maji mafu bahari haitoki vya kutosha, utakuta maji tu na watalii wanaocheza na vile vitiara vya upepo, mwani huuoni. Kwa hiyo kabla ya kulipa gari angalia mwezi, au programu ya maji kujaa na kupwa kwenye simu, au muulize mvuvi yeyote atakujibu hata usingizini. Siku zako zikiangukia maji mafu achana na Paje kabisa, hata kama nimekusifia hapa.

Viatu vya kuingia navyo baharini ni lazima, kuna wale viumbe wa baharini wenye miiba myeusi, ukimkanyaga mmoja siku imeisha. Kofia, maji ya kunywa, nguo ambayo hujali ikilowa. Na picha uombe. Wale kina mama wamechoka kupigwa picha kwa mbali wakiwa wameinama kama vile ni sehemu ya mandhari, ukimwamkia kwanza, shikamoo mama, habari za kazi, mambo yanakuwa tofauti kabisa, wengine watakucheka namna unavyotembea majini na mtaanza stori.

Nungwi iko ncha ya kaskazini, saa moja na nusu hivi kwa gari, kwa daladala ongeza. Hoteli zimejaa lakini kati ya hoteli na kijiji, upande wa ufukwe wa magharibi, bado mafundi wanaunda vyombo kwenye mchanga. Mashua, ngalawa, jahazi. Hakuna tiketi wala geti, wala mtu wa kukupa historia, labda upate mwenyeji wa kijijini akutembeze. Utakutana na mapapasi, wale vijana wanaowinda watalii, kabla hujamwona fundi, kila mmoja atakwambia fundi ni mjomba wake.

Lakini ukifika, aisee. Chombo kinaundwa bila mchoro. Fundi analaza mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo, anasimamisha fashini, zile mbao za mbele na nyuma, halafu mataruma, zile mbavu, anazitafuta kwenye matawi yaliyojipinda yenyewe, anakwenda kuangalia mti anaona mule ndani kuna taruma la ubavu wa kushoto. Anachonga kwa tezo, lile shoka dogo la kuchongea, anaweka, anatazama kwa jicho moja, anatoa, anachonga tena. Matundu ya misumari kuna wanaotoboa kwa keekee mpaka leo, ule upinde unaosukumwa mbele na nyuma, pembeni kijana ana drili ya umeme, wote kazini na hakuna anayemcheka mwenzake. Baadaye inakuja kalafati, pamba inasokotwa na mafuta inapigiliwa kwenye kila mwanya wa mbao, ule mlio wa nyundo ya kalafati unausikia kabla hujaviona vyombo. Chini kabisa wanapaka deheni, shahamu na chokaa, ili wadudu wa baharini wasile mbao. Chombo kikubwa kinaweza kukaa hapo miezi mingi, hata zaidi ya mwaka, maana mwenye chombo akiishiwa hela kazi inasimama mpaka apate.

Hapo ndipo bahati inapoingia. Unaweza kufika ukakuta mafundi sita wanapigilia, unaweza kufika ukakuta mbavu tupu na kuku wanazunguka. Ijumaa mchana watu wako msikitini, usitegemee kitu. Ukijaaliwa kukuta siku ya kushua, chombo kinasukumwa baharini na kijiji kizima, dua inasomwa, watu wanakula, hiyo haina tangazo, ni bahati yako tu. Asubuhi mapema na baada ya alasiri ndiyo saa za kazi, katikati jua ni kali wanapumzika kivulini, na kusema ukweli kile kivuli ndiko mazungumzo yanakonoga. Ukimkuta fundi mzee amekaa usianze na maswali ya bei ya chombo kizima, muulize mbao hii ni ya mti gani na imetoka wapi. Kitu cha kununua hakipo labda vijahazi vidogo vya mapambo, kwa hiyo ukipewa muda acha chochote cha soda ya mafundi, tena mpe fundi mkononi, aliyekuleta pembeni yako umalizane naye kivyake.

Kama una watoto wadogo au unampeleka mama yako ambaye magoti yanamsumbua, nenda kwenye viungo na usijiulize mara mbili, kivuli kipo, choo kipo, njia ni fupi. Watoto wakubwa wa kuanzia miaka kumi na kitu Paje ni bora mara mia ilimradi ni bamvua. Bibi na bwana wa fungate, jamani nendeni mnakotaka, ila Nungwi mna machweo na chakula baada ya mafundi kufunga kazi. Mtu wa ufundi, seremala, muashi, injinia, mtu yeyote anayefanya kazi kwa mikono yake, Nungwi hata kama atakuta chombo kimoja tu. Mwanafunzi au mtu wa biashara ndogo anayewaza kusindika vitu, Paje, muda mwingi ukae kwenye sabuni uulize maswali ya gharama na vifungashio, watakujibu.

Hela. Bei sitaji kwa sababu zinabadilika na kuna ya mgeni na ya mwananchi, uliza mapema na useme unatokea wapi, Kiswahili chako peke yake kinashusha kitu. Viungo ndiyo nafuu kwa usafiri, Nungwi haina kiingilio lakini usafiri unakula, Paje una vyote viwili, kiingilio na usafiri. Daladala za Nungwi, 116, na zile za upande wa Paje na Jambiani zipo, ni za bei rahisi sana ila za kurudi jioni zinaisha mapema kuliko unavyofikiri, saa kumi na moja usiwe bado unapiga selfi.

Na kuunganisha, hili linaulizwa sana. Viungo na Nungwi vinaungana vizuri kwa sababu mashamba yako upande huohuo wa kutokea mjini kwenda kaskazini, asubuhi viungo, mnafika Nungwi baada ya alasiri mafundi wamerudi kazini, mnamaliza na kasa wa bwawa la Mnarani hapohapo Nungwi kama mna nguvu. Paje inaungana na msitu wa Jozani na kima punju wake, uko njiani. Paje na Nungwi siku moja hapana, ni pande mbili za kisiwa, utakaa garini siku nzima, kuna watu wa kampuni za utalii wanaiuza hiyo pakeji na wanaojua kisiwa wanacheka.

Mimi ukiniambia nichague moja nachagua Paje siku ya bamvua, na isipokuwa bamvua nachagua viungo asubuhi na Nungwi jioni.

La mwisho ni mavazi. Sehemu zote tatu uko kijijini, hauko hotelini. Kaptula fupi na bega wazi viishie ufukwe wa hoteli, khanga moja kwenye begi inatosha kwa kina dada, na kaka suruali au bukta inayofika magotini. Ikiwa ni mwezi wa Ramadhani kazi zinaendelea lakini polepole, mashamba ya viungo yanapokea wageni kama kawaida ingawa chakula cha mchana ukiulizie kwanza, Nungwi mafundi wengi wanapunguza saa, na usile wala kunywa mbele ya watu waliofunga. Ukienda wakati wa masika, Machi mwishoni mpaka Mei, barabara za ndani za mashambani zina tope, chukua ndala zinazooshika kirahisi na usivae raba nyeupe.